Upasuaji wa Pili Baada ya Uzito Kurejea: Je, Fat'wa ya Kwanza Inatosha?

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Masahaba zake.

Kuanzia tarehe 24 hadi 29 Jumada al-Akhira 1428, sawa na tarehe 9 hadi 14 Julai 2007, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao yake Jeddah lilifanya kikao chake cha 18 mjini Putrajaya, Malaysia. Miongoni mwa maazimio yaliyotoka katika kikao hicho ni Azimio nambari 173, linalohusu upasuaji wa urembo na hukumu zake. Ndani yake mna kifungu kifupi juu ya kupunguza uzito. Maana yake ni kwamba inajuzu kupunguza uzito kwa njia za kitaalamu zinazokubalika, ukiwemo upasuaji, kwa masharti matatu: uzito uwe umefikia hali ya ugonjwa, pasiwe na njia nyingine isiyokuwa upasuaji, na pawe na amani ya kutodhurika.

Kifungu hiki kinajibu swali la mtu anayekwenda kwa mpasuaji kwa mara ya kwanza. Lakini siku hizi linakuja swali jingine. Muislamu amekwisha kupasuliwa, tumbo lake likapunguzwa au likafungwa mkanda, akapungua, akamshukuru Mola wake. Baada ya miaka kadhaa uzito umerudi, wote au sehemu yake. Daktari anamwambia kuwa upo upasuaji wa pili wa kurekebisha ule wa kwanza. Anamwendea sheikh wake kuuliza, naye sheikh anafungua Azimio 173 na kukuta liko kimya.

Makala haya yanakihakiki kifungu hicho kwa jicho la mgonjwa huyu wa pili. Hoja yetu ni moja: upasuaji wa pili si marudio ya ule wa kwanza, hivyo ruhusa ya kwanza haiuhalalishi wala kurejea kwa uzito hakuuharamishi. Masharti yote matatu ni lazima yapimwe upya, na mizani ya kuyapimia tayari imo katika fiqhi yetu.

JEMA LA KIFUNGU NA KASORO ZAKE

Tuanze kwa uadilifu. Baraza limefanya jema kubwa kuifunga ruhusa na ugonjwa wala si na sura. Mwenye kutaka kupasuliwa ili avae nguo fulani au apate sifa ya watu hakupewa mlango. Hii ndiyo 'illa ya hukumu, nayo hukumu huzunguka na 'illa yake, ikiwepo na ikiondoka.

Ama kasoro, tunaziona nne.

Kwanza, mahali pake. Kifungu kimewekwa katika azimio la urembo, jirani na kifungu cha kuondoa makunyanzi ya uso. Unene uliopindukia, wenye kuleta kisukari, shinikizo la damu na kukatika pumzi usingizini, si jirani wa makunyanzi. Mahali pake ni katika mlango wa matibabu. Kwa kuuweka hapa, msomaji anaingiwa na fikra kuwa mgonjwa huyu anatafuta uzuri mpaka athibitishe vinginevyo.

Pili, mfano uliotolewa. Kifungu kinapoutaja upasuaji kinaweka kwenye mabano ufyonzaji wa mafuta. Kufyonza mafuta ya chini ya ngozi ni kazi ya kurekebisha umbo, na madaktari hawaihesabu kuwa ni tiba ya unene uliopindukia. Tiba inayozungumzwa hospitalini ni ya kupunguza mfuko wa tumbo au kubadili njia ya chakula kwenye utumbo, na upasuaji wa namna hiyo ulianza muda mrefu kabla ya 2007. Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliuanzisha upasuaji wa kupitisha chakula pembeni ya tumbo mwaka 1966. Wanachuoni wa Usuli wanatufundisha kuwa kukihukumia kitu ni tawi la kukielewa kitu chenyewe. Mfano ukikosewa, hukumu nayo hulegea.

Tatu, sharti la amani ya kutodhurika. Likichukuliwa kwa dhahiri ya tamko, hakuna upasuaji hata mmoja duniani utakaojuzu, kwani hata kung'oa jino kuna hatari yake. Kinachokusudiwa bila shaka ni kuwa salama iwe ndiyo yenye nguvu zaidi katika dhana ya wataalamu. Lakini kifungu hakikusema hivyo, na katika upasuaji wa pili tofauti hii ndiyo penye uzito wote.

Nne, ukimya juu ya kurejea kwa ugonjwa. Kifungu kimeandikwa kana kwamba upasuaji ni mlango ambao mtu huupita mara moja na kuuacha nyuma yake. Sivyo ilivyo.

UNENE KATIKA HISTORIA YA WAISLAMU

Kabla ya kuendelea, yafaa tukumbushane namna waliotutangulia walivyoutazama unene, kwa sababu lawama inayomwangukia mgonjwa huyu mara nyingi huvishwa vazi la dini.

Ibn Sina (aliyefariki 428 H/1037) katika Al-Qanun aliuzungumzia unene uliozidi kama tabibu. Alieleza unavyomfunga mtu asiweze kutembea vyema, unavyoibana mishipa na pumzi, na kwamba mwenye nao anahofiwa kifo cha ghafla. Hapo hapana matusi, bali kuna maelezo ya maradhi.

Katika Andalusia ya zama za Khalifa Abdurrahman an-Nasir kuna kisa mashuhuri zaidi. Sancho, mfalme wa León, aliondolewa katika ufalme mwaka 958, na unene wake uliomzuia kupanda farasi ukiwa miongoni mwa sababu. Bibi yake, Malkia Toda wa Navarra, alikwenda naye Cordoba kuomba msaada wa adui wa jana. Khalifa alimkabidhi mgonjwa kwa tabibu wake wa Kiyahudi, Hasdai ibn Shaprut, akatibiwa hadi akapungua, na mwaka 960 akarudi kwenye ufalme wake kwa msaada wa jeshi la Waislamu. Dola ya Kiislamu ilimtibu hata Mkristo aliyenenepa. Basi vipi leo Muislamu mwenye maradhi hayo hayo asimame mbele ya sheikh na apewe kwanza khutba juu ya ulafi?

Ni kweli kwamba Allah (s.w.) katika Sura al-A'raf, aya ya 31, ametuamrisha tule na tunywe bila kupita kiasi, na kwamba Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya al-Miqdam bin Ma'dikarib iliyopokewa na Tirmidhi, ameelekeza theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Maelekezo haya yanamhusu mnene na mwembamba. Aliyekonda anaweza kuwa mlafi, na mnene anaweza kuwa mfungaji wa Jumatatu na Alkhamisi. Kuitoa hadithi kwenye adabu ya kula na kuifanya ushahidi dhidi ya mwili wa mtu ni kuihukumia siri asiyoijua ila Mola wake.

KWA NINI UZITO HURUDI

Utafiti wa Sweden ulioanza mwaka 1987 uliwafuatilia watu 2,010 waliopasuliwa, ukiwalinganisha na wengine 2,037 ambao hawakupasuliwa. Matokeo yake yalichapishwa mwaka huo huo wa 2007. Yalionyesha kuwa vifo vilikuwa vichache zaidi kwa waliopasuliwa. Lakini pia yalionyesha jambo ambalo kila anayetoa fat'wa anapaswa kulijua. Waliobadilishiwa njia ya chakula walipungua kwa wastani wa asilimia 32 ya uzito wao katika miaka ya mwanzo, na baada ya miaka 10 upungufu ulikuwa asilimia 25. Waliofungwa mkanda walipungua asilimia 20, na baada ya miaka 10 wakawa kwenye asilimia 14.

Tuliweke hili kwa hesabu nyepesi. Mtu wa kilo 150 aliyepungua asilimia 32 amefika kilo 102. Akirudi hadi asilimia 25 atakuwa na kilo 112 na nusu. Akijitazama kutoka chini anaona ameongezeka zaidi ya kilo 10 na kwamba amefeli. Akijitazama kutoka alikoanzia, bado yuko chini kwa zaidi ya kilo 37. Kwa hiyo kurejea kwa sehemu ya uzito ndio mwendo wa kawaida wa tiba hii, na si kila aliyerejewa ana ugonjwa unaohitaji kisu.

Sababu za kurejea ni nyingi. Mwili uliopungua huongeza njaa na hutumia nguvu kidogo zaidi kuliko zamani, kana kwamba unapigania uzito wake wa mwanzo. Kifuko cha tumbo kilichoachwa huweza kutanuka. Mkanda huweza kuteleza. Njia isiyokusudiwa huweza kufunguka kati ya kifuko kipya na tumbo la zamani, chakula kikapita humo. Baadhi ya dawa za maradhi mengine huongeza uzito. Na zipo pia tabia, kama vinywaji vya sukari vinavyopita hata kwenye tumbo dogo. Tabia ni sababu mojawapo, wala si sababu pekee.

QIYASI MBILI ZILIZOKOSEA

Katika suala hili husikika kauli mbili zinazogongana, na zote mbili zimejengwa juu ya qiyasi isiyosimama.

Kauli ya kwanza inasema: huyu alipewa nafasi akaichezea, basi kumpasua tena ni israfu na ni kuuchezea mwili ulio amana. Wenye kauli hii wamekifanya kurejea kwa uzito kuwa kosa, na upasuaji wa pili kuwa malipo asiyoyastahiki mkosaji. Lakini sheria haimnyimi mgonjwa dawa kwa kuwa alichangia maradhi yake. Aliyevunjika mguu kwa kukimbiza farasi kwa ujinga huungwa mguu wake, na akivunjika tena huungwa tena. Amri ya Mtume (s.a.w.) ya kutafuta tiba, katika hadithi ya Usama bin Sharik, haikuwekewa idadi wala haikuwatoa waliougua mara ya pili.

Kauli ya pili inasema: lililojuzu mara ya kwanza linajuzu mara ya pili, maana ugonjwa ni ule ule na tiba ni ile ile. Hii nayo ni qiyasi penye tofauti. Tofauti zenyewe ni tatu.

Tofauti ya kwanza ni madhara. Mpasuaji wa pili anaingia mahali penye makovu ya ndani, ambapo viungo vimegandamana na njia za damu zimebadilika. Kwa jumla matatizo ya upasuaji wa kurekebisha, kama kuvuja kwa mshono, ni mengi kuliko ya ule wa kwanza. Na kila njia ya chakula inapozidi kufupishwa, ndivyo upungufu wa madini ya chuma, kalsiamu na vitamini unavyozidi kuhofiwa kwa umri wote uliobaki.

Tofauti ya pili ni manufaa. Uzito unaopungua baada ya upasuaji wa pili kwa kawaida ni mdogo kuliko uliopungua mara ya kwanza. Aliyekatwa sehemu ya tumbo, kisha akageuziwa njia ya chakula, mara nyingi hupata nafuu ya kiungulia zaidi kuliko ya uzito.

Tofauti ya tatu ni njia mbadala. Mwaka 2007 sharti la kutokuwepo njia nyingine lilikuwa jepesi kutimia. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha sindano ya semaglutaidi kwa ajili ya uzito, na mwaka 2023 ikafuata tirzepataidi. Mgonjwa wa leo hawezi kusema hakuna njia ila kisu kabla ya kuuliza habari ya dawa hizi. Hata hivyo tusiwe wepesi. Dawa hizi ni ghali, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022 walioacha semaglutaidi walirudishiwa theluthi mbili ya uzito walioupoteza ndani ya mwaka mmoja. Hapa tunajifunza kutoka mlango wa tayammumu. Mwenye kuuziwa maji kwa bei ya haki, huku fedha aliyonayo anaihitaji kwa deni au kwa nafaka ya watu wake, huhesabiwa kama asiye na maji. Vivyo hivyo, dawa ambayo mtu hawezi kuinunua kila mwezi bila kuidhulumu nyumba yake si njia kwake, ingawa ni njia kwa jirani yake. Na kipimo hicho hicho kinaugeukia upasuaji wenyewe: aliye na deni lililokwisha kuiva asilisahau kwa sababu ya tiketi ya kwenda kupasuliwa India au Uturuki.

MIZANI YA IMAMU NAWAWI

Sisi watu wa pwani tumelelewa katika madhhabi ya Imamu Shafi'i, na kitabu cha Minhaj at-Talibin cha Imamu Nawawi (aliyefariki 676 H/1277) si kigeni katika darsa zetu. Humo, katika mlango wa mashambulizi na dhamana, Imamu ametaja uvimbe unaoota mwilini na hukumu ya kuukata. Muhtasari wake ni kuwa mtu mzima mwenye akili anaweza kuukata, isipokuwa katika hali mbili: kukata kukiwa na hatari na kuacha hakuna hatari, au hatari ya kukata ikizidi hatari ya kuacha. Kwa dhahiri ya maneno yake, hatari zikilingana hakuna katazo.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi maneno hayo yalivyo makini kuliko kifungu cha mwaka 2007. Hayadai amani kamili. Yanaweka hatari mbili kwenye mizani moja, ya kutenda na ya kuacha, na kuuliza ipi nzito. Kisha zingatia kuwa uvimbe ni kitu kilichozidi mwilini, ilhali tumbo ni kiungo kizima. Ikiwa tahadhari hii imewekwa kwa kilichozidi, basi kwa kiungo kizima, tena kilichokwisha kukatwa mara moja, inastahiki zaidi.

Tukiiweka mizani hii mbele ya wagonjwa wetu, wanagawika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni ambao upasuaji wa mwanzo umeharibika: mkanda umeteleza au unaila nyama ya tumbo, asidi inapanda na kuunguza umio, au imefunguka njia isiyotakiwa. Hapa kuacha ndiko kwenye hatari, na kisu kinaondoa madhara yaliyopo. Upasuaji huu ni tiba kamili, na unaweza kufikia kuwa wajibu maisha yakihofiwa.

Kundi la pili ni ambao uzito umerudi pamoja na maradhi yake. Kisukari kimerejea, pumzi inakatika usingizini, na lishe na dawa zimejaribiwa kwa dhati au haziwezekani. Hawa upasuaji unajuzu kwao ikiwa wataalamu waaminifu wanaona hatari ya kuacha ni kubwa zaidi au inalingana.

Kundi la tatu ni ambao sehemu ya uzito imerudi lakini maradhi yametulia, na kinachowasumbua ni namba kwenye mizani au maneno ya watu. Hawa ndio hasa aliowaeleza Imamu: kukata kuna hatari, kuacha hakuna. Kwa mizani yake mlango umefungwa, nayo kaida inasema madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake, sembuse kwa yaliyo makubwa kuliko yenyewe.

Baraza lenyewe lilikuwa na mizani inayokaribia hii. Azimio lake nambari 67, lililotolewa Jeddah Mei 1992, liligawa tiba katika daraja nne: wajibu pale kuiacha kunapoleta kifo, kupotea kwa kiungo au ulemavu, au maradhi yanapoambukiza, sunna pale kuiacha kunapoudhoofisha mwili, mubaha pasipokuwa na hayo, na makuruhu pale tiba inapohofiwa kuleta matatizo makubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Laiti kifungu cha uzito kingeunganishwa na daraja hizi badala ya kuwekwa kando ya makunyanzi, swali la upasuaji wa pili lingekuwa limekwisha jibiwa nusu yake.

WAJIBU WA DAKTARI, SHEIKH NA MGONJWA

Az-Zahrawi, mpasuaji mkubwa wa Andalusia, katika sehemu ya upasuaji ya kitabu chake At-Tasrif alisimulia kisa cha tabibu aliyemtoa mtu jiwe la kibofu pamoja na kipande cha kibofu chenyewe, na mgonjwa akafa. Az-Zahrawi alikuwa ameitwa kabla yake, akaona ukubwa wa jiwe na hali ya mgonjwa, akajizuia. Kujizuia nako ni utaalamu. Mpasuaji anayeishi kwa idadi ya upasuaji ana maslahi katika jibu lake, na sheria huutilia shaka ushahidi wa mwenye manufaa nao. Kwa hiyo mgonjwa wa upasuaji wa pili apate rai ya daktari mwadilifu asiyekuwa yule atakayemkata.

Sheikh naye asijibu mpaka ajue mambo manne: upasuaji wa kwanza ulikuwa wa aina gani, sababu ya kurejea uzito imechunguzwa au la, ni maradhi gani yapo leo, na njia zipi zimejaribiwa. Anayejibu bila haya anatoa fat'wa juu ya mtu asiyemwona.

Ama mgonjwa, khiyari ni yake. Azimio 67 limeshurutisha ridhaa yake akiwa na akili timamu, na asili ya madhhabi yetu ni kuwa kutafuta tiba ni sunna. Anayeona kisu cha pili kimemzidi, akaendelea na dawa, lishe na subira, hana dhambi ikiwa kuacha hakumpeleki kwenye maangamizo ya wazi yaliyokatazwa katika Sura al-Baqara, aya ya 195. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) habari ya mwanamke mwenye kifafa aliyemuomba Mtume (s.a.w.) dua. Mtume alimpa khiyari ya kusubiri apate Pepo au aombewe apone. Akachagua subira, na akaomba tu asifunuke mwili anapoanguka. Hakulaumiwa kwa kuomba, wala hakulaumiwa kwa kusubiri.

Pendekezo letu kwa wanachuoni ni kukihamishia kifungu hiki kwenye mlango wa matibabu, kuondoa mfano wa kufyonza mafuta, kuweka mizani ya hatari mbili mahali pa amani ya kutodhurika, na kuongeza sentensi moja: kwamba ugonjwa ukirejea, kila upasuaji unahukumiwa kwa hali yake siku hiyo. Sentensi hiyo fupi itamkinga mgonjwa na watu wawili, anayemsukuma kwenye kisu na anayemfukuza kwa lawama.

Wallahu a'lam.